Mkono Mmoja wa Chokaa

Safari hii alikuja mwenyewe, hakutuma kijana.
Akasimama mbele ya duka la Bi Chausiku, hapa Kigogo,
akautazama ukuta kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya shule.
"Fundi, unanikumbuka?"
Nikusahau vipi, Mheshimiwa Lukanga?
Una deni langu, makopo mawili ya bluu.

Sikusema hivyo. Nilisema, karibu.

Miaka mitano nyuma niliandika hapa
herufi za futi moja na nusu, kivuli chekundu ubavuni:
DARAJA LA KWA MTEGO KABLA YA MASIKA.
Hakutaja masika ya mwaka gani,
nami sikuuliza.
Fundi wa maandishi hulipwa kwa herufi, halipwi kwa maana.

Masika yamekuja mara tano.
Ya pili yalibeba choo cha Mzee Kondo, kizima, na mlango wake.
Ya tatu, magodoro ya mtaa yalianikwa barabarani
tukadhani yameitisha mkutano.
Mvua ikikolea, vijana hutandika mbao mtoni,
shilingi mia kwa kichwa, mzigo mapatano.
Kila asubuhi Mwalimu Sikudhani Mbonde huvuka hapo,
viatu mkononi, sare za watoto wa watu amezishika makwapani,
analipa mia yake, anadai chenji ya mia mbili.
Mwaka huu na yeye kachukua fomu.

Alinijia usiku. Alikuwa na elfu nane.
"Jina tu, Fundi. Sina cha kuahidi ambacho nimeshakihesabu."
Nikampeleka kwa mwenye ukuta.
Bi Chausiku akapima mafuta ya taa, akafunga kizibo, akasema:
"Mwanangu, nakupenda. Lakini Lukanga ametoa laki."

Basi nikachanganya chokaa.

Nisikilizeni, nyie mnaojifunza kazi:
ukuta wenye maandishi ya zamani
fundi mwema huupiga mikono miwili,
wa kwanza ukauke, wa pili uzike.
Mimi niliupiga mmoja.
Sijui kama ilikuwa ni uvivu. Siku ile mgongo uliniuma kweli.
Juu yake nikaandika, kwa unadhifu wangu wote:
TULIANZA PAMOJA TUMALIZE PAMOJA.
Akapiga picha. Akanipa mkono. Ukawa na rangi, akaufuta kwa leso.

Jua la Septemba halina chama.
Wiki ya pili bluu ikaanza kuchungulia,
kwanza mkia wa J, halafu tumbo la D,
na watoto wanaotoka shule, wanaojifunza kuunganisha silabi,
wakasoma kila kitu walichokiona:
TULIANZA DARAJA PAMOJA TUMALIZE
KABLA YA MASIKA PAMOJA.
Wakaigeuza mchezo wa kuruka kamba.
Gari la matangazo likapita, spika nne juu,
wao wakaendelea kuruka.

Kituo chetu, matokeo yalibandikwa mlangoni saa tatu usiku.
Mbonde, 214. Lukanga, 187. Zilizoharibika, sita.
Bi Chausiku aliyasoma kwa tochi ya simu, mara mbili,
akatema mate pembeni, sikujua ni ya furaha au ya laki.
Lakini jimbo ni kubwa kuliko Kwa Mtego.
Alfajiri wakatangaza: Lukanga, kwa kura mia nane na ushei.
Honi zikalia mpaka Mburahati.

Siku ya tatu kijana wake akaniletea bahasha.
Makopo mawili ya bluu, kwa bei ya zamani.
Nikahesabu, nikasaini. Deni la rangi limekwisha.

Vuli imeanza jana. Mbao zimetandikwa.
Mwalimu amevuka, amelipa mia, amesimama kwangu kufuta miguu,
anautazama ukuta unaochuruzika.
"Fundi," anasema, "mkono mmoja wa chokaa hudumu muda gani?"
Nikamwambia inategemea mvua.
Akavaa kiatu kimoja, akacheka, akatafuta cha pili.